Neno "Madini" na Mimea Ivunayo Metali: Tahadhari Kutoka Gusii

Mijadala kuhusu istilahi si migeni katika kurasa za jarida hili. Tumebishana mara nyingi juu ya nani anayestahili kuunda istilahi, kwa mbinu zipi, na ni chombo kipi chenye mamlaka ya kuzisanifisha. Aghalabu mabishano hayo huanzia darasani na kuishia darasani. Katika makala haya ninadhamiria kulijadili neno moja tu, tena neno ambalo kila mmoja wetu amelijua tangu shule ya msingi, nalo ni madini. Maoni yangu ni kwamba neno hili, jinsi linavyotumika nchini Kenya hivi leo, halifai kubebeshwa sayansi ya mimea inayokusanya metali kutoka udongoni. Tukilibebesha, atakayelipa gharama si sisi tunaobishana, bali ni mkulima wa Kisii na Nyamira. Wazo hili sikulipata vitabuni. Nililipata kwa kosa langu mwenyewe.

Wakati wa likizo rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa Kitivo cha Sayansi, aliniomba nimtafsirie maelezo ya ukurasa mmoja aliyokusudia kuwasomea akina mama wa kikundi kimoja katika Kaunti ya Nyamira. Yalihusu mimea yenye uwezo wa kuvuta metali kutoka ardhini na kuziweka majanini kwa kiwango kikubwa, hata ikawezekana kuivuna mimea hiyo, kuichoma, na kuzipata metali zenyewe katika jivu lake. Niliimaliza kazi hiyo kwa jioni moja, kwa majivuno ya mtu anayedhani anaijua lugha. Sentensi yangu ya pili ilisema hivi: "Kuna mimea ambayo majani yake huwa na madini mengi kuliko mimea ya kawaida, na mmojawapo ni wa jamii ya mnavu."

Kabla ya kumkabidhi rafiki yangu karatasi yake, niliona vyema niijaribu kwa nyanya yangu, ambaye shamba lake liko mlimani kupita Kebirigo. Nilimsomea, nikimfafanulia kwa Ekegusii pale Kiswahili changu kilipomtatiza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Mbegu za huo mnavu zinapatikana wapi, mjukuu wangu?"

"Za nini, magokoro?"

"Mke wa mjomba wako alitoka kliniki juzi. Ameambiwa damu yake ni kidogo, na mtoto aliye tumboni anaihitaji. Daktari amesema ale mboga zenye madini. Kama huo unaushinda huu wetu kwa madini, si ndio wa kumpikia?"

Neno madini alilitamka kwa Kiswahili, vile vile alivyolisikia kliniki. Niliikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni.

Mnavu uliotajwa katika maelezo ya rafiki yangu ni ule ambao watafiti wa China waliutangaza katika miaka ya mwanzo ya 2000 kuwa unaweza kukusanya zaidi ya miligramu 100 za kadmiamu kwa kila kilo ya majani makavu, bila kunyauka. Kadmiamu ni sumu. Huharibu figo na kudhoofisha mifupa. Wajapani wa bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, waliyajua madhara yake kwa jina la itai-itai, yaani "inauma, inauma", baada ya miaka mingi ya kula mchele wa mashamba yaliyonyweshwa maji yaliyochafuliwa na mgodi. Na mwaka 1968 serikali yao ikakiri rasmi kwamba chanzo kilikuwa metali hiyo. La kutisha zaidi ni kwamba mwili uliopungukiwa na chuma huinyonya kadmiamu kwa wepesi kuliko mwili wenye chuma cha kutosha. Kwa hiyo yule ambaye nyanya yangu alitaka kumpikia, mwanamke mjamzito mwenye upungufu wa damu, ndiye hasa ambaye mboga hiyo ingemdhuru upesi. Na hakuna aliyedanganya. Kila neno katika sentensi yangu lilikuwa sahihi.

Naharakisha kusema kwamba mnavu wetu, ule ambao Wagusii wanauita rinagu, hauna kosa. Mmea hauwezi kuvuta kisichokuwepo. Mnavu wa shamba safi ni chakula chema, nami nitaendelea kuula sambamba na chinsaga zilizopikwa zikalazwa na maziwa. Hatari iko pale ambapo udongo umechafuliwa kwa betri kuukuu, kwa rangi au kwa taka za viwanda. Na hatari kubwa zaidi iko pale ambapo mtu anapewa mbegu na kuambiwa tu kwamba ina madini.

Sayansi yenyewe si uzushi, wala mimi siipingi. Mwaka 1976 wanasayansi walieleza habari za mti mmoja wa New Caledonia, kisiwa kilicho katika Bahari ya Pasifiki, ambao gome lake likikatwa hutoa utomvu wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Utomvu huo ukikaushwa, takriban robo ya uzani wake ni nikeli. Mwaka uliofuata Robert Brooks na wenzake walipendekeza kipimo: mmea wenye zaidi ya miligramu 1,000 za nikeli kwa kila kilo ya majani makavu uhesabiwe kuwa wa kundi la pekee. Kufikia mwaka 2017 orodha ya mimea ya namna hiyo, kwa metali mbalimbali, ilikuwa imepita spishi 700, na sehemu kubwa ya hizo ni za nikeli. Wazo la kuivuna mimea hii kama zao lilikwisha kutolewa na Rufus Chaney wa Marekani mnamo mwaka 1983. Nchini Albania majaribio yamewahi kutoa kiasi cha kilo 100 za nikeli kwa hektari moja; na katika jimbo la Sabah, nchini Malaysia, kuna kichaka ambacho watafiti wanakitarajia kuzidi hapo, nacho kimepewa jina la kisayansi linalomkumbuka Chaney huyo huyo.

Lakini msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda hadi Pasifiki. Katanga iko karibu zaidi, tena huko ni Kiswahili kinachosemwa masokoni. Katika vilima vya shaba vya Katanga kuna sehemu ambazo miti haioti kabisa, kwa kuwa udongo umejaa shaba kupita kiasi, na badala yake huota nyasi na vijimea vyenye maua. Kimojawapo, ambacho wataalamu wa mimea wanakiita Haumaniastrum katangense, hupenda udongo wa shaba kiasi kwamba wanaakiolojia wamewahi kukitumia kama kiongozi: kilipoota, walichimba wakakuta mabaki ya tanuri za wahenga waliokuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Katika miaka ya 1970 na 1980 zilitolewa taarifa nyingi kuhusu wingi wa shaba na kobalti katika majani ya mimea ya huko. Mwaka 2007 watafiti wengine waliyapitia upya madai hayo, wakaonyesha kwamba baadhi ya tarakimu kubwa zilitokana na vumbi la shaba lililong'ang'ania majani ambayo hayakuoshwa vizuri kabla ya kupimwa. Kumbe agizo la kuosha mboga kabla ya kuzipika linawahusu hata maprofesa.

Katanga hiyo hiyo ina funzo jingine ambalo watetezi wa sayansi hii hulipita haraka. Jijini Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga, udongo umepokea kwa miongo mingi vumbi na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipotafuta mmea wa kupanda mahali hapo, hawakutafuta mmea wa kuvuta shaba hadi majanini. Walijaribu nyasi, Microchloa kunthii, ambazo kazi yake ni kuushika udongo usipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na mvua, huku metali zikibaki chini. Hapa basi pana kazi tatu zilizo mbali mbali: kuvuna metali kwa ajili ya mali, kuzitoa metali ili udongo utakasike, na kuzifungia metali humo humo ardhini zisimfikie mtu. Kwa Kiswahili cha magazeti yetu, kazi zote tatu huelezwa kwa kirai kimoja: "mimea inayosafisha madini". Msomaji atakayeelewa kirai hicho na aninong'onezee.

Sasa turudi Gusii, ambako watu wengi watashangaa kusikia kwamba mmea unaokusanya metali wanao tayari, tena wamekuwa nao kwa zaidi ya nusu karne. Ni mchai. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na katika udongo wa namna hiyo alumini huyeyuka na kuwa tayari kuvutwa na mizizi. Mimea mingi hudhurika kwa alumini hiyo. Mchai huivuta na kuiweka katika majani yake makuukuu, ambayo yamewahi kupimwa na kukutwa na hadi miligramu 30,000 kwa kilo moja, yaani sehemu tatu kwa mia. Majani machanga, yale mawili na kichipukizi yanayopelekwa Nyankoba, Sanganyi, Ogembo au Nyamache, yana alumini kidogo sana yakilinganishwa na hayo, na katika hiyo ni sehemu tu inayoingia kwenye maji ya chai, na katika inayoingia ni chembe tu inayonyonywa na mwili wenye figo nzima. Hakuna sababu ya mtu kumwaga kikombe chake. Nimeutaja mchai kwa sababu nyingine. Alumini ni rahisi mno sokoni, na hakuna atakayechoma majani ya chai ili aipate. Kwa hiyo Wagusii wamelima mmea wenye metali tele bila yeyote kuwaambia kwamba wana "shamba la madini". Angekuwapo dalali mmoja mwenye ulimi, na kama metali hiyo ingekuwa na bei, sijui kama mchai ungesalimika.

Ninawataja madalali kwa makusudi. Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti wa New Zealand walioifanya haradali ivute dhahabu. Haradali ni wa ukoo mmoja na sukuma wiki. Katika hali bora ya jaribio walipata miligramu 57 za dhahabu kwa kilo moja ya mmea mkavu. Ila dhahabu haiyeyuki yenyewe udongoni. Iliwalazimu kumwagia udongo kemikali ya kuiyeyusha ili mizizi iweze kuivuta. Sehemu ya kwanza ya habari hii ikifika sokoni Daraja Mbili bila ya sehemu ya pili, tutashuhudia nini? Tunakumbuka miaka ya 2013 na 2014, Wakenya walipouza mbuzi ili wanunue kware kwa kuambiwa kwamba yai lake ni dawa na bei yake haishuki. Bei ilishuka. Tunakumbuka pareto pia, ambayo wazazi wetu waliing'oa baada ya kuchoka kungoja malipo. Chai yenyewe tumeisikia ikiitwa "dhahabu ya kijani". Jamii iliyozoeshwa sitiari ya namna hiyo haina kinga siku atakapokuja mtu na kudai kwamba dhahabu anayoisema si sitiari.

Na ardhi iko wapi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Shamba la nyanya yangu halifiki ekari moja, na humo mna chai, migomba, mahindi, majani ya ng'ombe, mboga na makaburi ya watu wake. Zile kilo 100 za nikeli kwa hektari ni kama kilo 10 kwa robo ekari, tena hiyo ni kabla ya kulipia ukaushaji, uchomaji na usafishaji. Zaidi ya yote, mavuno hayo hupatikana katika udongo wenye nikeli nyingi ambao mahindi yenyewe huudharau. Udongo mwekundu unaolisha familia mlimani Nyamira si wa kupewa kazi hiyo. Kama mimea hii ina kazi katika pembe yetu ya nchi, basi kazi hiyo iko chini kuelekea Migori, kule Makalda, ambako mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa katika miaka ya 1960 na kuacha marundo ya masalio, na ambako hadi leo wachimbaji wadogo katika eneo hilo hutumia zebaki kuikamata dhahabu. Huko ndiko ningependa kuona mmea ukijaribiwa, kwanza wa kuifungia sumu, kisha, ikiwezekana, wa kuvuna. Rafiki yangu wa sayansi anakubaliana nami katika hili, ingawa anasema nimeingilia taaluma yake.

Narudi basi katika taaluma yangu. Neno madini linabeba mizigo mingapi? Kwa mchongaji wa Tabaka na mchimbaji wa Migori, madini ni mali inayotoka chini ya ardhi. Kwa muuguzi wa kliniki, madini ni kirutubishi kilichomo katika mboga, mayai na maziwa. Kwa mwanasheria, madini ni mali ya umma: Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inayaweka madini yote katika kundi la ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha, asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Kisha anakuja mwanasayansi na kuliongezea neno hilo hilo mzigo wa kadmiamu, zebaki na risasi. Mali, chakula, dola na sumu, vyote vinaitwa madini.

Mzigo wa dola si wa kupuuzwa. Tuseme mkulima amepanda mmea, ameukata, ameuchoma, na katika jivu mna nikeli. Je, nikeli hiyo ni zao lake, kama yalivyo majani ya chai, au ni madini, na kwa hiyo ni ya umma tangu ilipokuwa udongoni? Nadhani mahakama ikiulizwa itaanza kwa kutafuta maana ya neno. Ikiwa sisi tulioitwa wataalamu wa lugha tumekwisha kuandika katika kila kijitabu kwamba mmea huo "unatoa madini", tutakuwa tumemhukumu mkulima kabla ya hakimu kuvaa joho.

Wapo watakaosema kwamba ninakuza jambo dogo, kwa kuwa maneno mengi yana maana zaidi ya moja na muktadha ndio unaoamua. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana alinijibu hivyo hivyo. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Nyanya yangu alikuwa na muktadha. Muktadha wake ulikuwa kliniki, mkaza mwana na damu kidogo, na katika muktadha huo alilifasiri neno langu kwa usahihi kabisa. Muktadha ni wa msikilizaji kabla haujawa wa mwandishi.

Atakayetaka ushahidi mwingine na alitazame neno risasi. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa metali hiyo, na mnamo Julai 2020 mahakama mjini humo iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa mtu asiyejua kisa hicho, anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba watoto wa mtaa fulani "wana risasi mwilini", picha inayomjia ni ya bunduki. Sumu isiyo na sauti wala harufu imepewa jina la kitu chenye mshindo, na mzazi anayemkagua mwanawe haoni jeraha. Hapo napo hakuna aliyedanganya.

Pendekezo langu ni hili, na ninalitoa ili lipingwe. Neno madini tuliachie mgodi na sheria ya mgodi. Katika masuala ya chakula tuseme madini lishe, au bora zaidi virutubishi, na panapowezekana tukitaje kirutubishi chenyewe kwa jina lake. Elementi zenyewe tuziite metali, neno ambalo tayari limo katika vitabu vya shule na ambalo halijachafuliwa na matumizi mengine. Zile zinazodhuru tuziite metali sumu. Najua kwamba wengi wetu tumezoea kusema metali nzito, lakini uzito haumwambii mkulima lolote. Gunia la viazi nalo ni zito.

Kuhusu mimea yenyewe, nimesikia wenzangu wakipendekeza mimea limbikizi, kwa kigezo cha isimu linganishi na isimu tumizi. Kimofolojia sina ugomvi nalo. Ni umbo zuri. Tatizo ni kwamba katika masikio ya watu wetu kinacholimbikizwa ni mali, na neno hilo litamrudisha dalali kupitia dirishani. Mimi ningesema mimea ifyonzayo metali, japo ni kirai kirefu. Na ile shughuli ya kuipanda ili kupata metali ningeiita uvunaji wa metali kwa mimea. Wengine wanaiita uchimbaji kwa mimea, ilhali hakuna kinachochimbwa. Wengine wanataka kilimo cha metali, istilahi fupi, tamu, rahisi kukumbukwa, na kwa sababu hizo hizo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ikitoka kwenye jarida hili Jumatatu, Ijumaa itakuwa imeandikwa kwenye bango la mtu anayeuza miche kando ya barabara ya Keroka.

Hatukosi uwezo wa kuifanya kazi hii. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, nayo ilithibitisha kwamba elementi zinaweza kutajwa kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Kilichokosekana tangu hapo ni zoezi la kuyapeleka maneno kwa watu kabla ya kuyapiga chapa. Chama chetu kina wanachama wanaotoka Nyamache, Ogembo, Borabu na Ekerenyo. Kila mmoja ana nyanya, shangazi au jirani asiyejua wala kujali kanuni za uundaji istilahi. Istilahi moja isomwe mbele ya watu kumi wa namna hiyo, kisha waulizwe swali moja tu: ukiambiwa hivi, utafanya nini? Swali la "umeelewa nini?" halitoshi, kwa kuwa watu wetu ni waungwana na watakujibu kwamba wameelewa.

Nami nilirudi mlimani na karatasi mpya. Sentensi ya pili sasa inasema: "Kuna mimea inayofyonza sumu kutoka katika udongo uliochafuliwa na kuiweka katika majani yake. Mimea hiyo hailiwi na mtu wala ng'ombe." Nyanya yangu alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba sasa ameelewa kwa nini mara ya kwanza niliikunja karatasi. Halafu akauliza jivu lake litamwagwa wapi.

Sikuwa nimeandika lolote kuhusu jivu. Jikoni kwake jivu halitupwi. Kila asubuhi hulichota kwa karai na kulinyunyiza kwenye mnavu na sukuma wiki, na ndivyo wafanyavyo majirani wake wote. Nilimpigia simu rafiki yangu jioni ile ile. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniomba niandike sentensi ya jivu na kuiweka juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kichwa cha habari.